UZI: Tuache kuuliza kama mmea "unapandisha kinga". Tuulize unagusa seli gani, wapi, na kwa kiasi gani

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimekuwa nasoma mijadala kuhusu majani, mizizi na magome, na kila ukifika katikati lazima mtu aandike "hii inapandisha kinga balaa". Mimi nafanya kazi maabara. Kazi yangu ya kila siku ni kukuza seli za kinga, kuzimwagia kemikali mbalimbali na kuangalia zinafanya nini. Kauli hiyo inaniuma kwa sababu nimewaona watu wakiumia nayo. Nitashusha kwa vipande, mnivumilie.

Kinga ya mwili haina kipimo kimoja cha kupanda na kushuka kama maji ya tangi. Kuna nyutrofili, ambazo ndizo hufika kwanza kwenye jeraha. Kuna makrofaji, zinazomeza vijidudu na kupiga mbiu. Kuna seli T, nyingine za kuua na nyingine za kutuliza ugomvi. Kuna seli B za kutengeneza kingamwili. Ukiwachochea hawa, huenda ukawazima wale. Na mwenye baridi yabisi shida yake ni kwamba baadhi ya seli hizo zimechangamka kupita kiasi, zinashambulia viungo vyake mwenyewe. Huyo ukimwambia apandishe kinga, apandishe ipi?

Nianze na mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1960, Peter Nowell alikuwa anatumia dondoo ya maharage mekundu, iitwayo fitohemaglutinini, kugandisha chembe nyekundu za damu ili abaki na zile nyeupe. Wakati huo iliaminika kuwa limfosaiti (kundi lenye seli T na seli B) za kwenye damu zimefika mwisho wa safari, hazigawanyiki tena. Akaona zinavimba na kugawanyika. Protini ile ya maharage inashika sukari zilizo juu ya vipokezi vya seli T na kuvikusanya pamoja, seli inadhani imemwona adui. Mpaka leo maabara tunaitumia tukitaka kuhakikisha kwamba seli T tulizonazo zina uhai wa kuitika.

Kwa hiyo ukitafuta kitu cha mmea "kinachochangamsha kinga", hicho hapo, na ushahidi wake hauna mjadala. Sasa ukiyala maharage hayo yakiwa mabichi, manne au matano tu yanatosha kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Yakichemka barabara protini inaharibika, mtu anakula kwa amani. Seli kuchangamka kwenye sahani ya maabara na mtu kupata afya ni habari mbili tofauti.

Naendelea.

Mleta uzi

Sasa inflamesheni yenyewe, ile hali ya sehemu kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma.

Ndani ya makrofaji kuna protini inayoitwa NF-κB, iliyoelezwa na Ranjan Sen na David Baltimore mwaka 1986. Seli ikiwa imetulia, NF-κB imeshikwa na mlinzi wake, IκB, nje ya kiini cha seli. Kipande cha ukuta wa bakteria kikigusa kipokezi cha TLR4 juu ya seli, taarifa inashuka hadi kwenye kimeng'enya IKK. IKK inamtia yule mlinzi alama ya kuvunjwa. Anavunjwa, NF-κB inaingia kwenye kiini, na jeni za TNF, IL-1β na IL-6 zinaanza kusomwa. Hizo ni saitokini, ujumbe wa kuita seli nyingine, kupandisha homa, kupanua mishipa. Mambo yote hayo huanza ndani ya saa moja.

Kemikali nyingi za mimea huingilia hapo. Kwa nini mmea utengeneze kitu cha kugusa makrofaji ya binadamu? Haukututengenezea sisi. Mmea hauwezi kukimbia, kwa hiyo unapigana kwa kemikali dhidi ya wadudu, kuvu na wanyama wanaoutafuna. Brokoli huhifadhi glukorafanini sehemu moja na kimeng'enya mirosinezi sehemu nyingine. Mdudu (au mtu) akitafuna, vyumba vinapasuka, vitu viwili vinakutana, inazaliwa sulforafani. Ikifika ndani ya seli zetu inashika protini iitwayo Keap1, na Nrf2, protini nyingine iliyokuwa inazuiwa nayo, inapata nafasi ya kuwasha jeni za kujilinda dhidi ya sumu. Seli imepigwa kofi dogo na ikajiandaa kwa kubwa. Paul Talalay na wenzake wa Johns Hopkins waliitenga sulforafani kutoka kwenye brokoli mwaka 1992 wakitafuta kitu cha namna hiyo hasa.

Njia nyingine ni ya prostaglandini, kemikali za mwili zinazochangia maumivu, homa na uvimbe. Magome ya mierebi yametumika tangu kale kwa maumivu na homa, na aspirini ilizaliwa kutokana na kemia ya gome hilo mwaka 1897. Lakini hakuna aliyejua inafanyaje kazi mpaka 1971, John Vane alipoonyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Alipata Nobeli ya mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili. Miaka zaidi ya sabini watu wanameza kitu kinachofanya kazi bila kujua kwa nini. Hilo nalo likumbukwe: kutojua utaratibu hakufanyi dawa isifanye kazi, na kujua utaratibu hakufanyi kitu kiwe dawa.

Na hii ya koo. Gary Beauchamp, mtaalamu wa ladha na harufu, alikuwa Sisilia akaonja mafuta mapya ya zeituni. Yakamkwaruza nyuma ya koo, pale pale, kwa namna ile ile aliyoizoea alipokuwa anapima ladha ya ibuprofeni ya maji. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha kwamba kemikali yenyewe ni oleokanthali, na kwamba inazuia vimeng'enya vile vile vinavyozuiwa na ibuprofeni. Koo lilitangulia kuliko mashine. Lakini wao wenyewe walipiga hesabu: gramu 50 za mafuta hayo kwa siku ni sawa na takribani asilimia 10 tu ya dozi ya ibuprofeni ya mtu mzima. Mwenye jino linalouma hatapona kwa kijiko.

Mwana Famasia

Mkuu, nondo nzito. Ila manjano hujaigusa. Kurkumini, ile kemikali yake ya njano, ina tafiti maelfu kwamba inazima NF-κB. Mbona hospitali hazitoi?

Mleta uzi

Mkuu, nilijua itakuja.

Ni kweli, kwenye sahani kurkumini inazima NF-κB. Inazima na vingine vingi mno, na hapo ndipo mtu wa maabara anapaswa kusita. Inashikana na protini ovyo, na rangi yake ya njano na mng'ao wake vinaingilia vipimo tunavyosoma kwa mwanga. Mimi mwenyewe nimewahi kuiandaa. Ukiivuta kwenye pipeti ni njano ya kuumiza macho, glovu zinabaki na madoa, meza inabaki na doa. Ukiiweka kwenye maji ya chumvichumvi ya kawaida, joto la mwili, bila seramu, asilimia 90 inavunjika ndani ya nusu saa. Unamwagia seli kurkumini, baada ya muda seli zinaogelea kwenye mabaki yake. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa waliandika mapitio marefu kwenye *Journal of Medicinal Chemistry* wakasema wazi kwamba hakuna jaribio la kliniki la upofu maradufu (mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa nini) lenye plasebo (kidonge kisicho na dawa) lililofaulu kwa kurkumini.

Halafu kuna suala la kufika. Mwaka 2006 watu 24 wenye afya walipewa dozi moja moja, kuanzia miligramu 500 hadi 12,000. Gramu kumi na mbili! Kurkumini yenyewe ilionekana kwenye damu ya watu wawili tu, wa dozi mbili kubwa kabisa, na ilikuwa takribani nanogramu 50 katika mililita. Kwenye sahani tunaweka maikromola 10 kwenda juu, yaani kama nanogramu 3,700 katika mililita. Piga hesabu mwenyewe.

Watu watasema changanya na pilipili manga. Ndiyo, utafiti wa 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza upatikanaji wa kurkumini kwa asilimia 2000. Lakini mara ishirini ya kitu kilichokuwa karibu na sifuri bado ni kidogo. Na piperini inafanya hivyo kwa kuzuia ini na utumbo visiifungashe kurkumini na kuitoa. Ini hilo hilo linafungasha na dawa nyingine unazomeza. Yapo madhara ya ini yaliyoripotiwa kwa watumiaji wa vidonge vya manjano, na baadhi yake ni vile vilivyotiwa pilipili manga. Kiungo cha kupikia hakina ubaya. Nasemea vidonge vyenye dozi kubwa.

Ila kuna mahali nakupa haki yako, hata kama panapingana na kauli ile ya mapitio. Kama kitu hakifyonzwi, kinabaki wapi? Kwenye utumbo. Na utumbo una seli nyingi sana za kinga. Mwaka 2015 wagonjwa 50 wenye kolaitisi ya vidonda (uvimbe na vidonda vya utumbo mpana), ambao dawa yao ya mesalamini haikuwa imetosha, waligawanywa: 26 wakaongezewa gramu 3 za kurkumini kila siku, 24 wakaongezewa plasebo. Baada ya mwezi, 14 kati ya wale 26 dalili zilikuwa zimetulia. Kwa plasebo, hakuna hata mmoja. Ni watu wachache, lakini inaleta maana, kwa sababu kemikali ilikutana na seli zinazohusika bila kupitia damu.

Mama Pacha

Samahani ndugu yangu, mimi si mtu wa sayansi. Mdogo wangu ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, na ameletewa vidonge vya machipukizi ya alfalfa, kaambiwa vinaongeza kinga na ni vya asili kabisa. Ana dawa zake za kliniki. Avitumie?

Mleta uzi

Dada, pole kwa kuuguza. Hapana, asivitumie, na avipeleke kwa daktari wake avione.

Sababu yake ni hii. Alfalfa ina asidi amino iitwayo kanavanini, inayofanana sana na arjinini ambayo mwili unaitumia kujengea protini. Mwaka 1982 watafiti waliripoti kwamba nyani waliolishwa machipukizi ya alfalfa walipata ugonjwa unaofanana na lupasi, na walipopewa kanavanini peke yake dalili zikarudi. Wapo pia watu ambao ugonjwa wao ulilipuka upya baada ya kumeza vidonge vya alfalfa. Kwa mtu mwenye lupasi hiki ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo tunaweza kusema jina lake na kusema usiguse.

Na hata kingekuwa kingine, bado asianze kimya kimya. Kuna mmea *Hypericum perforatum* unaotumiwa kwa huzuni. Mwaka 2000 jarida la *Lancet* lilieleza wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, waliokuwa wanaendelea vizuri kwa siklosporini, dawa ya kutuliza kinga isiushambulie moyo mpya. Wakaanza mmea huo. Kemikali yake iitwayo haipaforini inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa. Siklosporini ikashuka kwenye damu, seli T zikaamka, zikaanza kuushambulia moyo. Mmea wenyewe haukuwa sumu. Uliiondoa dawa iliyokuwa inawalinda. Walipouacha, kiwango cha dawa kikarudi.

Akienda kliniki asitaje jina tu, abebe chupa yenyewe. Lebo ina vitu ambavyo mtu hawezi kuvikumbuka kwa kichwa.

Mama Pacha

Asante sana. Nimemwita sasa hivi, chupa ameshaitoa mezani. Mungu akubariki.

Mwana Famasia

Mkuu, kwa hiyo mimea haina kitu? Maana nimeanza kukata tamaa, na mimi mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni dondoo ya majani kwenye makrofaji. TNF imepanda karibu mara nne. Nilikuwa nafurahia.

Mleta uzi

Usikate tamaa kabisa. Mimea ina vitu vikubwa. Nikueleze viwili kwanza, kisha nirudi kwenye TNF yako.

Kolchisini. Inatoka kwenye ua *Colchicum autumnale*, ilitengwa mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, mwaka ule ule waliotenga kwinini. Chukua mgonjwa wa jongo. Fuwele za asidi ya yuriki zimejikusanya kwenye kidole gumba cha mguu. Makrofaji inazimeza, haiwezi kuzisaga, ndani yake mtambo wa protini uitwao NLRP3 unajifunga na kuachilia IL-1β. Hiyo inaita nyutrofili. Nyutrofili iko kwenye mshipa, inabidi ijinyooshe, ijipenyeze katikati ya seli za ukuta wa mshipa, itambae mpaka kwenye kiungo. Ili ifanye hivyo inategemea vijiti vya ndani vinavyojengwa na protini ya tubulini. Kolchisini inaishika tubulini, vijiti havijengeki vizuri, askari anafika mlangoni anashindwa kupita. Na NLRP3 nayo inakwama kujifunga.

Kitu kizuri zaidi ni kwamba nyutrofili hazina pampu ya kutosha ya kuitoa kolchisini nje, kwa hiyo inajirundika humo kwa kiwango kikubwa kuliko kwenye damu. Linganisha na kurkumini. Dawa hii inakwenda yenyewe kukaa kwenye seli inayotakiwa. Ndiyo maana dozi ndogo inatosha. Jaribio la COLCOT la 2019 lilichukua watu 4,745 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, wakapewa miligramu 0.5 kwa siku au plasebo. Matukio mabaya ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 5.5 dhidi ya 7.1. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dozi hiyo kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmea wa kale, seli inayojulikana, ushahidi kwa maelfu ya watu.

Lakini ua lenyewe linaua. Pengo kati ya dozi inayotibu na inayoua ni jembamba, na hata antibayotiki ya klarithromaisini ikimezwa pamoja na kidonge cha kolchisini inaweza kuipandisha hadi hatari. Hii si ya kuchemsha nyumbani, narudia, si ya kuchemsha nyumbani.

Cha pili, upande wa kuchochea. Gome la mti *Quillaja saponaria* wa Chile lina saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Mojawapo, QS-21, inawekwa kwenye chanjo. Ikichomwa msulini inakwenda kwenye tezi za limfu zilizo karibu, inawasha makrofaji za pale, na seli zinazobeba taarifa kwa seli T zinakuja kwa wingi. Chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 inayo, na kwa watu wa miaka 50 na kuendelea kinga yake kwenye jaribio kubwa ilikuwa takribani asilimia 97. Chanjo ya malaria ya RTS,S inayo pia, na ile ya R21 inatumia saponini za mti huo huo. Huo ndio "uchochezi wa kinga" wa mmea ninaoukubali: sehemu moja ya mwili, kiasi kinachopimwa kwa maikrogramu, dhidi ya adui aliyetajwa.

Sasa TNF yako.

Miaka kadhaa nyuma nilipata matokeo kama yako. Dondoo ya mmea, makrofaji kwenye sahani ya vishimo 96, TNF juu, picha nzuri, bango la mkutano limeshaandikwa. Mtu mmoja akaniuliza swali moja tu: umepima endotoksini? Sikuwa nimepima. Endotoksini ni kile kipande cha ukuta wa bakteria nilichokitaja juu, na majani yoyote yaliyotoka shambani yana bakteria juu yake. Maji uliyochujia yanaweza kuwa nayo. Chupa ya kioo iliyooshwa vibaya inaweza kuwa nayo. Makrofaji inaitika hata kwa nanogramu moja katika mililita, na kuchuja kwa kichujio cha kuzuia bakteria hakuiondoi, maana bakteria anabaki juu na vipande vyake vinapita. Nilirudia nikiwa nimeongeza polimiksini B, inayoifunga endotoksini. TNF ikashuka karibu na sifuri. Miezi minane nilikuwa naupima uchafu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuandika chochote. Weka kishimo chenye dondoo peke yake, chenye dondoo na polimiksini B, chenye endotoksini peke yake, na chenye endotoksini na polimiksini B ili ujue polimiksini yako ni nzima. Pia chemsha dondoo kidogo. Endotoksini inavumilia kuchemka, protini nyingi hazivumilii. Na kama chuo kina LAL, kipimo cha endotoksini, omba.

Mwana Famasia

Nimekusoma mkuu. Polimiksini ninayo kwenye friji. Nitaleta mrejesho.

Mdau Mpya

Nauliza kando kidogo. Mtu mzima wa afya, hana ugonjwa, kula mboga kunafanya kitu gani kwa kinga au ni maneno tu?

Mleta uzi

Kunafanya, na ni sehemu ninayoona inatajwa kidogo kuliko inavyostahili.

Kwenye ukuta wa utumbo kuna limfosaiti zinazokaa katikati ya seli za ukuta wenyewe, walinzi wa mpakani. Mwaka 2011 kundi la Marc Veldhoen lilionyesha kwamba seli hizo zinahitaji ishara kupitia kipokezi kiitwacho AhR, na kwamba vitu vinavyotokana na mboga za jamii ya kabichi na brokoli vinakigusa. Panya waliolishwa chakula kisicho na vitu hivyo, ingawa walishiba, walipungukiwa na walinzi hao. Walipoongezewa indole-3-karbinoli, walinzi wakarudi.

Na nyuzinyuzi ambazo hatuzimeng'enyi zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa butireti. Mwaka 2013 makundi matatu tofauti, kwa kutumia panya, yalichapisha karibu kwa pamoja kwamba asidi fupi za mafuta za aina hiyo zinasaidia kuzalisha seli T za kutuliza. Hapo mmea hauhitaji kuingia kwenye damu kabisa.

Mwana Famasia

Mkuu, wiki mbili zimepita. Nimerudia mara tatu. Dondoo peke yake, TNF ipo juu. Dondoo na polimiksini, imeshuka hadi kwenye mstari wa seli zisizoguswa. Kuchemsha hakukubadilisha kitu. Nimeishiwa nguvu, wasilisho ni mwezi ujao.

Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu, najua uzito wake. Yaandike hivyo hivyo kwenye ripoti, vishimo vyote na picha zote mbili, msimamizi wako ayaone leo kabla ya kesho.

Halafu una mwezi mzima. Osha majani upya, tumia maji yasiyo na endotoksini, vyombo vya kioo viokwe nyuzi 250 kwa nusu saa au zaidi. Dondoo ikiwa safi, geuza swali: washa makrofaji kwa endotoksini wewe mwenyewe, kwa kiasi unachokijua, kisha uone kama dondoo inaishusha TNF. Usisahau kupima kama seli ziko hai, maana seli iliyokufa nayo haitoi TNF. Nitumie mpangilio wa sahani kabla hujaanza, nitaupitia usiku.